Kese ya darasa na vijana wawili wa jina moja: kisa cha shule moja ya Lubumbashi

Zilikosekana faranga 23,500 katika kese, yaani mfuko wa pesa wa darasa. Kwa bei ya kambisti (mbadilishaji pesa wa barabarani) wa Lubumbashi, Kongo, katikati ya Novemba 2025, hizo zilikuwa dola kumi tu. Lakini katika darasa la tatu la umanite (sekondari ya juu), mchepuo wa Komersiale yaani biashara, kwenye shule moja ya komine (wilaya ya mji) ya Kampemba, dola kumi zilitosha kuwagawa wanafunzi 46, kumwaga daftari za mmoja wao mtaroni, na kurudisha vinywani mwa watoto tusi ambalo wazazi wao walilisikia likipigwa barabarani mwaka 1992 na 1993.

Mimi ninawafundisha uhasibu watoto hao. Nimeona kisa kinastahili kuandikwa chote kwa sababu kina kitu ambacho mwalimu hakutani nacho mara nyingi: vijana wawili wa darasa moja, wenye jina moja la ubatizo, walioshika kazi ileile mmoja baada ya mwingine, ambao hesabu zao zilipungua kwa kiasi kinachokaribiana. Mmoja alisamehewa kabla hajaomba. Mwingine alingojwa langoni. Majina yao na la shule nayaacha. Nitawaita kwa mahali: wa Katuba, komine ya hapahapa Lubumbashi katika Katanga, na wa Mbuji-Mayi, mji wa Kasai.

Kese yenyewe

Elimu ya msingi katika shule za serikali ni bure tangu Septemba 2019, ila sekondari wazazi wanaendelea kulipa, na juu ya malipo ya shule kila darasa hujiwekea kese yake. Kwetu ni faranga 3,000 kwa mwezi kwa mtoto. Zinalipa fotokopi za maswali, zinasaidia mgonjwa, na zaidi ya yote zinakwenda matanga, maana mwenzenu akifiwa, darasa haliendi mikono mitupu.

Mwaka wa masomo uliotangulia kese ilishikwa na kijana wa Katuba. Mwezi wa Juni 2025 zilipungua faranga 18,000. Daftari lake lilikuwa na kurasa zilizorukwa na tarehe zilizofutwa kwa kalamu. Darasa lilimcheka kidogo, mtu akasema “alisahau kuandika”, likizo ikaingia, yakaisha. Nilisoma daftari hilo ukurasa kwa ukurasa, na sikuona dalili yoyote ya wizi. Kuna mtoto wa miaka 16 aliyeandika ovyo, basi.

Septemba mwalimu titileri, yaani msimamizi wa darasa, alitaka kuweka utaratibu. Alitoa jaribio fupi la uhasibu na kusema mwenye alama za juu ndiye atakayeshika kese. Alama za juu zilikwenda kwa mgeni aliyekuwa ameingia wiki hiyohiyo. Nyuma ya darasa mtu alisema kwa sauti ya kusikika, “Makuta yetu kwa Mukasai?”, yaani pesa zetu kwa mtu wa Kasai? Wengine wakacheka. Somo likaendelea.

Namna alivyopoteza jina

Orodha ilipoitwa, vijana wawili walikuwa wanaitika pamoja. Siku moja ya wiki ya kwanza mwalimu mwenye haraka alisema, “Hapana, yule Mukasai.” Darasa likacheka, kijana mwenyewe akatabasamu, na njia ya kuwatofautisha ikawa imepatikana. Oktoba ilipoingia, hata walimu wasio na nia yoyote mbaya walikuwa wanaitumia. Wa Katuba alibaki na jina lake. Wa Mbuji-Mayi akawa anaitwa kwa mkoa. Kwenye jalada la daftari la kese mtu aliandika kwa herufi kubwa: KESE YA MUKASAI.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu halikuhitajika kabisa. Tangu siasa ya uhalisia ya Mobutu mwaka 1972, Mkongo huandikwa kwa jina la ukoo na postnom, yaani jina la pili linalolifuata, na jina la ubatizo likarudi baadaye kusimama pembeni yao. Orodha ya darasa ilikuwa na majina yote matatu ya kila mtoto. Tena jina la ukoo la kijana huyu ni la aina ya Ilunga, Kalala au Mutombo, majina ambayo Baluba wa Kasai na Baluba wa Katanga wanayo wote. Lau mwalimu angesoma mstari mzima, wale vijana wawili wangetofautishwa, na hakuna ambaye angesikia jina la mkoa wowote.

Kuna picha ya Mkasai ambayo mtoto wa Lubumbashi anaijua kabla ya kukutana na Mkasai mwenyewe: anasema sana, anajitanguliza, anapenda dola, akipata kiti anawaita ndugu zake wote. Sasa, huyu kijana alikuwa kimya. Alikuwa anajua Chiluba na Kifaransa cha shule. Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya mapumziko, ya mpira na ya utani, alikuwa bado anakiokota neno kwa neno. Wenzake wakicheka, alikuwa anacheka sekunde mbili baadaye.

Ungetegemea kwamba ukimya wake ungeivunja ile picha. Nilipowauliza watoto baadaye, kila mmoja kwa wakati wake, walinieleza jinsi walivyokuwa wanauona ukimya huo: “Anatusikilizia.” “Anapanga mambo yake.” “Ana kiburi, anatuona sisi bure.” Angesema sana wangesema ndiyo tabia yao. Hakusema, wakasema anaficha tabia yao. Picha ya namna hiyo haimwachii mtu mlango wowote wa kutokea, na ndiyo maana kumshauri mtoto anayedharauliwa “jionyeshe vizuri tu, watakuzoea” ni ushauri wa kumchosha bure. Alikuwa anajionyesha vizuri. Alikuwa wa kwanza katika somo langu, na hilo nalo lilihesabiwa kuwa ujanja.

Siku ya tukio

Katikati ya Novemba binti mmoja wa darasa alifiwa na baba yake. Mkuu wa darasa alikuwa na hesabu kichwani: watoto 38 walikuwa wamelipa mchango wa kwanza, mara 3,000, ni faranga 114,000. Mtunza kese alileta 90,500. Alipoulizwa, alijibu kwa Kifaransa cha haraka kwamba alikuwa amezigeuza kuwa dola, na dola imeanguka.

Baada ya neno dola hakuna aliyemsikiliza tena. Wote walikuwa wanalingojea.

“Nilibaambia tangu Septemba,” mmoja alisema. “Bakasai njo beko vile.” Yaani, Wakasai ndivyo walivyo.

Saa ya kutoka walimngoja langoni. Walimfungulia mfuko, wakamwaga daftari kwenye mtaro wa maji, na katika kelele zile mtu akatamka “bilulu”, yaani wadudu. Kijana alirusha ngumi. Ilimpata wa Katuba mdomoni, damu ikatoka. Mashahidi wote, wa pande zote mbili, wanakubaliana kwamba wa Katuba alikuwa amesimama tu na wenzake, hakugusa mfuko wala hakutukana. Na hapo naomba msomaji asipite haraka. Aliyekuwa akishambuliwa kwa ajili ya kabila lake alichagua wa kumpiga kwa njia ileile: alimwona mmoja wao, ikatosha.

Mkurugenzi wa nidhamu alileta pendekezo ambalo shule nyingi zingelitia sahihi bila kufikiri: mpigaji afukuzwe siku tatu, na mjomba anayemlea alipe zilizopungua. Mama Prefe, mkuu wa shule, alikataa. Alisema hawezi kumlipisha mtu pesa ambazo hakuna aliyeonyesha zilikokwenda, na akaniomba mimi, kwa kuwa ni mwalimu wa hesabu hizo, nitafute jibu. Msimamo wake ulikuwa nusu ya kazi yote. Angesema “malizeni wenyewe”, darasa lingekuwa na hukumu yake tayari.

Karatasi tano

Ningeweza kukaa na daftari ofisini, nikatoa ripoti, nikaisoma mbele ya darasa. Naamini wasingeiamini. Wangesema mwalimu anamtetea. Kwa hiyo niliifanya kese kuwa somo.

Njia niliyotumia inatoka mbali. Mwaka 1971, huko Austin, Texas, shule zilikuwa zimeanza kuchanganya watoto Weupe, Weusi na wa asili ya Meksiko, na madarasa yalikuwa yanawaka moto. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake walipoitwa, waliona kwamba darasa lenyewe limepangwa kama mashindano: mwalimu anauliza, mikono inainuka, akikosea mmoja wengine wanafurahi. Wakapanga upya. Somo linakatwa vipande, kila mtoto wa kundi anapewa kipande kimoja ambacho wenzake hawana, anakwenda kukisoma pamoja na wenye kipande kama chake kutoka makundi mengine, kisha anarudi kuwafundisha wa kwake. Jaribio linauliza kuhusu vipande vyote. Mtoto unayemdharau ndiye mwenye kipande unachokihitaji. Ukimzomea asiseme, umejinyima mwenyewe.

Binti aliyefiwa alikuwa bado kwao, kwa hiyo walikuwepo 45. Nilipanga makundi tisa ya watano, kwa kura, si kwa viti vyao vya kawaida. Karatasi ya kwanza ilikuwa orodha ya waliolipa. Ya pili, maandishi ya mtunza kese mwenyewe: siku aliyonunua dola na siku aliyoziuza. Ya tatu, bei ya dola kwa miezi hiyo, ile inayotolewa na Benki Kuu ya Kongo na ile ya kambisti wa njia panda karibu na shule, ambaye nilituma watoto wawili wamwulize. Ya nne, maelezo ya noti zenyewe. Ya tano, daftari la mwaka uliotangulia.

Ilichukua vipindi viwili. Hesabu ilitoka hivi. Mwishoni mwa Septemba kijana alikuwa na faranga 114,000. Alinunua dola kwa 2,850, akapata dola 40 kamili: noti moja ya 20 na mbili za 10. Kisha ikaja ile miezi ambayo kila mtu mjini anaikumbuka, faranga yetu ilipopanda thamani ghafla na wenye dola wakaona akiba yao inayeyuka. Siku ya matanga kambisti alimpa 2,350 kwa kila dola. Kwa noti za dola 30 alipata 70,500. Noti moja ya 10 ilikuwa na mchaniko mdogo pembeni, na Lubumbashi nzima inajua maana yake: alipewa 2,000 kwa dola, yaani 20,000. Jumla 90,500. Bei ilikula 20,000 na mchaniko ukala 3,500.

Kundi lililomaliza la kwanza lilikuwa na binti aliyekuwa miongoni mwa waliofungua mfuko langoni. Yeye ndiye aliyeshika karatasi ya tatu, akawa hana budi kuwaeleza wenzake namna dola ilivyoanguka. Alirudia hesabu mara kadhaa. Kisha akaniambia, “Mwalimu, mtu yeyote angepoteza.” Sikumjibu, kwa sababu alikuwa amejijibu.

Karatasi ya tano ilileta ugomvi. Mtoto mmoja aliuliza, “Na ile 18,000 ya mwaka jana?” Jibu likaja palepale: “Ile alisahau kuandika.”

“Nani aliona kwamba alisahau?”

“Ni mwenzetu, tunamjua.”

“Na huyu?”

Kijana wa Katuba, mdomo wake ukiwa bado umevimba, alisimama akasema kwa hasira kwamba wanamtafuta yeye sasa. Nilieleza kwamba hakuna anayemtafuta. Upungufu wake hauelezeki, wa mwenzake umeelezeka hadi faranga ya mwisho, na darasa lilikuwa limemwita mwizi yule mwenye maelezo. Hilo ndilo nililotaka waliandike, na waliliandika, kila mmoja kwa mkono wake.

Mwaka 1979 Thomas Pettigrew alieleza kosa hili la kufikiri kwa mapana yake. Mtu wa kwetu akikosea, tunatafuta sababu nje yake: alichoka, alisahau, alisukumwa. Mtu wa kundi lingine akikosea vilevile, sababu tunaiweka ndani yake na ndani ya watu wake wote. Akifanya vizuri, mambo yanageuka: wa kwetu ana akili, wa kwao ana bahati au ujanja. Darasa langu lilikuwa limefanya yote mawili ndani ya miezi mitatu, kuanzia alama za juu hadi noti iliyochanika.

Na kundi halihitaji historia ndefu ili lianze kupendelea. Henri Tajfel, aliyefanya majaribio yake Bristol, Uingereza, na kuyachapisha mwaka 1970 na 1971, aliwachukua wavulana wa miaka 14 na 15 wanaojuana na kuwagawa kwa vitu visivyo na maana yoyote, kama kukadiria idadi ya vidoa au kupenda michoro ya Klee badala ya Kandinsky. Kisha akawapa pointi za pesa wagawie wenzao, bila kujua wanampa nani isipokuwa kundi lake. Waliwapendelea wa kundi lao. Wengi walikuwa tayari hata wa kwao wapate kidogo zaidi, mradi tofauti na wale wengine iwe kubwa. Kama vidoa vinaweza kufanya hivyo, fikiria mkoa unaotajwa kila asubuhi wakati wa kuita majina.

Kwa nini dola

Swali moja lilinisumbua baada ya hesabu kukamilika. Mtoto ambaye kila kitu darasani kinalipwa kwa faranga, anayejua vizuri kwamba kese ni ya faranga, alikimbilia dola kwa sababu gani? Wenzake walikuwa na jibu lao: wanapenda dola. Yeye alilitoa jibu lake ofisini kwa Mama Prefe, mjomba wake akiwa pembeni, na ndilo lililonifanya niandike kisa hiki.

Kwao, alisema, wanafundishwa kuweka akiba katika kitu kinachobebeka. Babu yake alikuwa Likasi mwaka 1992. Alifanya kazi huko miaka mingi, alikuwa na nyumba, kitanda, kabati, cherehani. Alipofukuzwa, aliuza vitu kwa bei ya kutupa, vingine aliviacha, na familia ikalala kwenye kituo cha treni ikingoja behewa la kwenda Kasai, mkoa ambao baadhi ya watoto wake hawajawahi kuuona. Tangu hapo kauli ya nyumbani ni kwamba huko Katanga usiwe na kitu ambacho huwezi kukishika mkononi na kuondoka nacho usiku. Kijana alipopewa bunda la noti za faranga za watu wengine, alifanya alichofundishwa. Aliligeuza kuwa noti tatu.

Kwa hiyo hofu ya familia moja, iliyozaliwa na kilichotendwa na wengine miaka 33 kabla, ilimfanya mtoto afanye kitendo ambacho kilithibitisha, machoni pa wajukuu wa wale wengine, kwamba watu wake ndivyo walivyo. Hakuna hata mmoja wa watoto hawa aliyekuwa amezaliwa wakati huo.

Lazima nieleze historia hiyo kwa ufupi, maana nimegundua kwamba watoto wetu wana hasira zake bila kuwa na habari zake. Watu wa Kasai hawakujileta Katanga kwa njama. Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, ilihitaji mikono ya kuchimba shaba, na reli iliyounganisha Katanga na bandari ya mtoni ya Ilebo mwaka 1928 ilipita katikati ya Kasai. Waliandikwa kazi migodini, kwenye reli, maofisini. Wengine waliandikwa kutoka kwingine: Babemba, Balunda, Barundi, Wanyarwanda. Ardhi ya Lubumbashi ilikuwa ya Balamba. Karibu kila familia ya mji huu ina mzee aliyeshuka kutoka behewa fulani. Kisha, Agosti 1992, siku chache baada ya Mkutano Mkuu wa Kitaifa kumchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu, mashambulizi yakaanza Likasi. Gavana wa wakati ule, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, na chama cha UFERI walikuwa wamekwisha kuwazoeza watu kusikia kwamba shida za Katanga zina kabila. Machi 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Waliofukuzwa walikuwa mamia ya maelfu. “Bilulu” lilikuwa neno la siku hizo.

Binti wa karatasi ya tatu anaishi na kambo yake, yaani mzazi wa mzazi wake. Nilipomwuliza neno lile alilipata wapi, alisema kambo husema hivyo akiwaona vijana wa teksi za pikipiki kutoka Kasai wakijaa kwenye njia panda. Hakujua kwamba lilitumika kufukuza watu. Alidhani ni tusi kama matusi mengine. Kijana naye, kabla ya kupanda treni, aliambiwa na shangazi yake kwamba Mkatanga anakuchekea asubuhi na jioni anakuonyesha kituo cha treni, na kwamba ni watu wavivu wasiopenda kazi. Alikuwa ameketi darasani tangu Septemba akingoja jioni ifike. Ilipofika, hakushangaa. “Nilijua,” aliniambia. Yeye pia alikuwa na picha, na yeye pia aliiona imethibitishwa.

Kilichobadilika na kisichobadilika

Mama Prefe aliamua hivi: kijana wa Mbuji-Mayi alipewa siku moja ya kutokuja shule kwa ngumi, na waliofungua mfuko walipewa siku hiyohiyo moja, kila mmoja, na kununua daftari mpya. Kwa maoni yangu ilikuwa haki. Mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba mtoto wake anaadhibiwa “kwa ajili ya mgeni”. Mama Prefe alimkaribisha kiti, akamwonyesha karatasi tano, akamwomba azisome. Alisoma mbili.

Upungufu uligawanywa. Wote 46 walikubali kutoa faranga 500 kila mmoja, pamoja na mtunza kese na pamoja na binti aliyefiwa, ambaye alisisitiza kulipa aliporudi. Zilikuwa 23,000, mia tano iliyobaki aliiweka titileri. Darasa liliandika kanuni mbili: kese inakaa kwa faranga, na inashikwa na watu wawili wanaotia sahihi pamoja kila wiki. Ni kanuni za kawaida kabisa za kese yoyote ya biashara, na zingekuwepo mapema kungekuwa na ugomvi mdogo zaidi. Palipo na daftari lililo wazi, umbea unapata nafasi ndogo ya kuishi.

Kijana wa Mbuji-Mayi alijiuzulu. Walimwomba abaki, akakataa, na sikumshawishi. Mtoto hana wajibu wa kuendelea kujiweka mbele ya macho ya watu ili wao wajifunze. Anacheza mpira na watatu wa kundi lake la karatasi tano, na Kiswahili chake kimekuwa cha mjini hadi wanamcheka kwa sababu nyingine. Wale wengine wa darasa sina uhakika nao. Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba kukaa pamoja peke yake hakupunguzi chuki. Inatakiwa watu wawe na hadhi sawa, lengo moja, kazi inayowalazimu kushirikiana, na wakubwa wanaounga mkono. Kwa vipindi viwili nilikuwa nayo yote manne. Saa nyingine zote za wiki watoto wanarudi kwenye viti vyao, na jioni kwenye meza za nyumbani.

Na vijana wawili wa jina moja hawasemezani. Watu huniuliza hilo kwanza, wakitumaini kusikia kwamba ni marafiki. Mmoja alipigwa ngumi bila kosa lolote zaidi ya kusimama na wenzake. Mwingine alizungukwa na watu 40 bila mtu hata mmoja wa kumtetea, akiwemo huyo ambaye mwaka uliopita alipata tatizo hilohilo na angeweza kusema neno. Wa Katuba bado anaona kwamba somo lile lilimwaibisha, na zile 18,000 zimebaki kwenye daftari, zimeandikwa “hazijaelezwa”. Nimezungumza naye peke yake mara kadhaa. Nimemweleza kwamba maneno hayo yanahusu kurasa zilizorukwa, hayamhusu yeye. Ananisikiliza kwa adabu.

Ombi langu kwa shule liko mezani kwa Mama Prefe. Walimu wote waite orodha kwa majina kamili kuanzia muhula huu. Mtunza kese wa darasa lolote afundishwe kuandika kitabu cha kese kabla ya kupewa faranga ya kwanza. Na somo la historia la darasa la tatu litenge vipindi vya 1992 na 1993, likiwa na ramani, tarehe na majina ya vituo vya treni, lifundishwe na mwalimu, ili kambo na shangazi wasiwe ndio walimu pekee wa jambo hilo. Ombi la kwanza limekubaliwa. La pili linaanza na madarasa ya Komersiale. La tatu baadhi ya wenzangu wanaogopa kwamba litaamsha yaliyolala, na tutalijadili tena kwenye kikao kijacho cha walimu, ambako nitakwenda na lile daftari la jalada lenye herufi kubwa.